Explorer au Speedmaster: ipi ibaki mkononi, ipi iuzwe?

Mtu wa Mkomani:

Asalaam aleikum. Naomba ushauri wa wanaozijua saa, hasa mliokaa pwani, maana kila nikiwauliza watu wa bara hunijibu kana kwamba chumvi haipo duniani.

Nilikuwa fundi wa injini melini kwa miaka 19, na huu ni mwaka wa nne tangu nirudi Amu (Lamu) kukaa. Katika miaka yote ile nilijinunulia vitu viwili tu vya thamani. Cha kwanza ni Rolex Explorer ya milimita 36, namba 114270, niliyoichukua Singapore mwaka 2006. Cha pili ni Omega Speedmaster Professional, namba 3570.50, ile ya kutia ufunguo kwa mkono. Hiyo niliinunua Rotterdam mwaka 2011. Zote nililipa taslimu, na kila moja ilinila mishahara ya miezi kadhaa.

Sasa nyumba ya mama, hapa Mkomani, ni ya mawe ya kale. Boriti za ghorofa ya juu zimeliwa na chokaa inamdondokea kitandani. Fundi amekwisha kuja kupima, na akiba yangu haifiki. Nimeamua saa moja iende. Hilo sina shaka nalo. Shaka yangu ni ipi ibaki, kwa sababu itakayobaki nitaivaa kila siku ya Mungu. Sitaki saa ya kulala kabatini.

Siku yangu iko hivi. Alfajiri niko msikitini. Saa moja unusu niko gatini nafungua mashine za boti, hizi zinazovusha watu Mokowe na kwenda Manda kwenye ndege. Mkono wangu unaingia kwenye petroli, girisi na maji ya bahari, na udhu ni mara tano. Ijumaa navaa kanzu. Msimu wa kaskazi jasho halikauki mpaka usiku, na wakati wa kusi mawimbi hupanda mpaka ndani ya boti.

Explorer ni ndogo, nyepesi, haina tarehe, haina vifungo, ina akrabu tatu na zile tarakimu 3, 6 na 9. Binti yangu alipokuwa mdogo alijifunzia saa humo. Siku moja aliniuliza kwa nini akrabu ikiwa kwenye 3 mimi nasema saa tisa, na ikiwa kwenye 9 nasema saa tatu. Nikamwonyesha kwamba siku yetu huanza jua linapochomoza, kwa hiyo atazame upande wa pili wa uso wa saa. Mpaka leo naipenda saa ile kwa ajili ya jioni hiyo.

Speedmaster ni kubwa, milimita 42, ina visaa vitatu vidogo na vifungo viwili vya kupimia muda. Hii huitia ufunguo kila siku nikirudi alfajiri, kabla ya chai, mpaka nihisi springi imegota. Siwezi kuwaeleza vizuri raha ya jambo hilo. Lakini tangu mwezi uliopita imeharibika: inakwenda mbele kama dakika nne kwa siku. Miaka miwili nyuma niliipeleka duka moja la mji mwingine ikasafishwe. Ilikaa kwao miezi mitano, ikarudi na mchubuko kwenye mfuniko wa nyuma, juu ya ile picha ya farasi wa baharini, na hakuna aliyesema samahani. Sina moyo wa kuipeleka tena.

Kwa hiyo naelekea kuiuza Speedmaster kwa vile ni mgonjwa. Nakosea?

Kijana wa Shela:

Shikamoo ami. Mimi ni kijana tu, naendesha watalii na mashua, na saa ya bei hiyo sijawahi kuivaa. Lakini nimeisoma sana Speedmaster na naumia nikisikia unaiachia.

Saa hiyo ilitoka 1957, ikikusudiwa watu wa mashindano ya magari. Ndiyo maana ile pete ya nje ina kipimo cha mwendo. Mwaka 1965 NASA, shirika la anga la Marekani, waliipitisha kwa safari za wanaanga baada ya kuitesa kwa joto, baridi, mtikisiko na ombwe. Julai 1969 mwanaanga Buzz Aldrin alikanyaga mwezi akiwa nayo mkononi. Neil Armstrong ya kwake aliiacha ndani ya chombo, kwa sababu saa ya humo ilikuwa imeharibika na walihitaji ya akiba. Na mwaka 1970, chombo cha Apollo 13 kilipopata ajali, walilazimika kuwasha injini kwa sekunde 14 ili kusahihisha njia ya kurudi nyumbani. Mwanaanga Jack Swigert alizihesabu sekunde hizo kwa Speedmaster. Ami, wewe umeishi na injini maisha yako yote. Saa iliyosimamia injini ikawarudisha watu wazima ndiyo ya mkono wako.

Explorer nayo ina mlima wake, ilitoka 1953, mwaka uleule Hillary na Tenzing walipofika kilele cha Everest. Naiheshimu. Ila mlima huo sisi huku tunauona picha tu. Mwezi tunautazama kila usiku, na kwa huo tunafunga na kufungua.

Fundi wa Malindi:

Waaleikum salaam. Mimi natengeneza saa Malindi mwaka wa 27 huu. Mji wetu una Wataliano wengi, kwa hiyo Omega na Rolex hupita mezani kwangu zaidi ya inavyodhaniwa, na nyingi huja zimekunywa maji.

Kabla sijakujibu ipi ibaki, sheikh, tuondoe hili la ugonjwa. Saa inayokwenda vizuri kisha ghafla inakimbia dakika kadhaa kwa siku, mara nyingi haikuharibika. Imeshika sumaku. Ndani mna springi nyembamba kama unywele, inayojikunja na kujikunjua. Ikiingiwa na sumaku, mizunguko yake hushikana, springi inakuwa kama imefupishwa, na saa inakimbia. Na wewe umesema unafungua mashine za boti. Chini ya kile kifuniko kuna flaiwili, gurudumu zito la injini, na ndani ya flaiwili kuna sumaku zinazotengeneza cheche. Mkono wako unapita pale kila siku. Je, siku hizi ni Speedmaster unayovaa kazini?

Fanya hivi. Wewe ni baharia, huwezi kukosa dira. Iweke mezani mbali na chuma, iache itulie, kisha isogeze saa polepole ubavuni mwake, upande wa 9, halafu upande wa 3. Sindano ikicheza kwa nguvu, jibu umepata. Kuitoa sumaku ni kazi ya sekunde chache, mfuniko haufunguliwi, na mimi sichukui pesa kwa hilo.

Nasema haya kwa sababu nimeona watu wakiuza saa nzima kwa bei ya saa mbovu.

Mtu wa Mkomani:

Fundi, nimefanya. Dira ni ile niliyotoka nayo melini. Explorer nilipoisogeza, sindano ilitikisika kidogo ikarudi. Speedmaster ilipofika upana wa vidole vitatu, sindano iligeuka ikaifuata kama mbuzi anayefuata majani. Ni kweli, tangu mwezi uliopita ndiyo niliyokuwa nikivaa kazini. Nilitaka kuivaa kwa wingi kabla sijaamua.

Kijana wa Shela, marahaba. Maneno yako ya sekunde 14 nimemsomea mama. Kasema huyo kijana apewe chai akija mjini.

Bi. Mkubwa wa Watamu:

Kaka, salaam. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga mbizi na mimi ndiye niliyebaki na saa zake, kwa hiyo nimejifunza kwa lazima.

Nataka kukuuliza maswali mawili. La kwanza, vile vifungo viwili vya Speedmaster unavibonyeza lini? Si kwa kucheza, nauliza kwa kazi. Mume wangu alikuwa na saa ya namna hiyo na mwaka mzima hakuvigusa. Akisema ni kama kubeba nanga ya pili usiyoishusha kamwe.

La pili ni la dini, na samahani kama umekwisha kulifikiria. Katika Explorer, mwili ni chuma, lakini zile tarakimu na akrabu zimezungushiwa dhahabu nyeupe. Watu wengi hawajui. Ni kidogo mno, lakini ni dhahabu, ambayo kwa wanaume wetu ina neno. Mwanangu alitaka Rolex nyingine, Datejust ya chuma yenye pete ya mbavumbavu, akidhani yote ni chuma, kumbe pete ile ni dhahabu nyeupe tupu. Akachukua yenye pete laini ya chuma. Mwulize sheikh wako, moyo utulie.

Na usiuze kwa mtu wa kwanza. Uliza bei kwa watu watatu, na sanduku na karatasi zote viwe pamoja na saa.

Fundi wa Malindi:

Mama Mkubwa kasema kweli. Sasa naingia kwenye swali lenyewe, na nitakaa kwenye jambo moja zaidi ya mengine, kwa sababu huku kwetu ndilo linaloua saa.

Maji hayapiti kwenye chuma, wala kwenye kioo. Hupita kwenye matundu. Hesabu matundu. Explorer ina kioo, mfuniko wa nyuma, na kichwa kimoja cha kutilia ufunguo. Kichwa hicho unakizungusha kinajifunga kama kifuniko cha chupa. Ni saa ya otomatiki, inajijaza kwa mkono wako unavyotembea, kwa hiyo unaweza kumaliza miezi hujakifungua. Imepimwa kwa mita 100 za kina cha maji.

Speedmaster ina hayo yote, na juu yake matundu mawili ya vifungo. Kichwa chake hakijifungi kwa kuzungushwa, kimekaa hivihivi na mpira mdogo ndani. Imepimwa mita 50. Ikiwa mipira ni mizima, mita 50 inatosha kwa udhu na mvua na kurushiwa maji, na sitaki mtu aseme nimesema ni saa ya kuogopa birika. Lakini fikiria unachofanya nayo. Kila alfajiri unakishika kichwa kile, unakizungusha mara ishirini na zaidi, kwa vidole vyenye chumvi ya jana. Chumvi kavu ni kama msasa, na mpira ule unasagika. Raha yako ya kabla ya chai, sheikh, ndiyo njia ya maji kuingilia. Na ukibonyeza kifungo wakati saa imelowa, umeyasukuma maji ndani kwa mkono wako mwenyewe.

Mipira huzeeka hata saa ikilala kabatini. Joto letu huizeesha mapema. Kwa mtu wa gatini nataka saa ipimwe kwa presha kila mwaka, ionekane kama inavuja, iwe Explorer au Speedmaster. Na kila jioni uioshe kwa maji matamu, hasa kwenye viungo vya mkanda. Nyie Amu mna bahati ya visima vya Shela, maji ya chini ya vile vilima vya mchanga. Yatumie, maana visima vya mjini vina chumvichumvi.

Kioo: cha Explorer ni safiri, yaani yakuti ya kutengenezwa, mchanga hauchubui. Cha Speedmaster yako ni cha plastiki ngumu, hesalaiti. Kinachubuka ukigusa ukuta, lakini dawa ya meno na kitambaa laini, dakika tano, kimerudi. Na hakipasuki vipandevipande. Hapo sioni mshindi. Sumaku vilevile: saa zenu hizi za miaka hiyo zote mbili zinashika. Speedmaster za kuanzia 2021, zenye mashine ya 3861, ndizo zinazohimili gausi 15,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Yako sio hiyo. Ikibaki yoyote, vua ukifungua flaiwili.

Gharama: Rolex husema usafishaji wa kama miaka 10, Omega kati ya 5 na 8. Na ndani ya Speedmaster mna vipande vingi zaidi, kwa hiyo bili ni kubwa. Mimi nisingemshauri mwenye boriti zilizoliwa aichague saa ya bili kubwa.

Kijana wa Shela:

Fundi, nimekuelewa kuhusu matundu. Lakini mashua zetu nazo zina matundu na tunazitia kalafati kila mwaka, hatuziuzi.

Fundi wa Malindi:

Kijana wangu, ni kweli. Na mwenye mashua mbili na pesa ya kalafati ya moja hufanyaje? Hapo ndipo alipo mwenzetu.

Mtu wa Mkomani:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi, nilikuwa safarini. Nilipanda basi la Mokowe Jumanne, nikafika kwa fundi Malindi adhuhuri nikiwa na saa zote mbili mfukoni mwa ndani. Aliiweka Speedmaster juu ya kile kidude chake, akabonyeza, akaiinua taratibu, basi. Sikuwahi kumaliza kunywa maji niliyopewa. Tumeipima siku tatu tangu hapo, inakwenda mbele sekunde 6 kwa siku. Ile niliyoiita mgonjwa haikuwa na neno.

Presha tukapima pia. Explorer ilishika. Speedmaster ilivuja kidogo kwenye kifungo cha juu, kile cha kuanzishia. Mipira imebadilishwa mbele ya macho yangu, na mfuniko wa nyuma fundi ameufungua na kuufunga bila hata alama ya kucha. Nilikaa pale nikamtazama mikono. Kwa jinsi nilivyoumizwa mara ya kwanza, nilihitaji kuona.

Bi. Mkubwa, maswali yako nilitembea nayo. Vifungo: melini nilivitumia kweli, kupimia mtiririko wa mafuta kutoka tangi moja hadi jingine, na mara moja mapigo ya moyo ya mwenzangu aliyeanguka kwa joto chumba cha injini. Hapa Amu, katika miaka minne, sikumbuki hata siku moja ya kazi. Na la dhahabu nimelipeleka kwa ustadhi wangu baada ya isha, nikamwonyesha saa yenyewe. Nimepata jibu lililonitosha. Kila mtu amwulize wake.

Kisha nilifanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Wiki moja Explorer peke yake, wiki moja Speedmaster peke yake, kazi zote. Kwenye udhu Explorer naisukuma juu ya mkono na maji yanafika ngozini, kwa ile nyingine ilibidi nivue kila mara, na siku moja niliisahau ukingoni mwa birika mpaka mtoto wa madrasa akanikimbilia nayo. Ijumaa Explorer inaingia ndani ya mkono wa kanzu, Speedmaster inakwama. Usiku nikirudi na boti, saa zote mbili zinawaka, lakini Explorer naisoma kwa jicho moja, haina visaa vidogo vya kunichanganya. Tarehe hakuna hata moja iliyonayo, na sijaikosa. Mwezi mwandamo huwa tunautafuta juu ya paa.

Nilichokosa wiki ya Explorer ni asubuhi. Nilirudi alfajiri nikakaa, vidole havina kazi. Siku mbili za kwanza nilikuwa nauliza ule muda niupeleke wapi. Siku ya tatu nikapanda juu kumtazama mama kama chokaa imeanguka tena usiku. Sasa ndiko ninakokwenda.

Kwa hiyo Explorer inabaki. Speedmaster imekwenda kwa daktari mmoja wa Malindi, kwa bei ya saa nzima, si ya saa mbovu. Niliuliza watatu kama nilivyoambiwa, na wa kwanza alikuwa chini ya huyu kwa pesa nisizopenda kuzikumbuka. Nimempa sanduku, karatasi, na habari zote: kifungo kilichovuja, mipira mipya, sumaku, mchubuko wa nyuma ulitoka wapi. Nikamwonyesha namna ya kutia ufunguo, asubuhi moja kwa siku, polepole, na kwamba ikigota asilazimishe. Aliizungusha mwenyewe mbele yangu na nikamwona usoni kwamba kaihisi.

Boriti zimeshuka gatini jana, 40. Punda wamezipandisha kwa zamu, na leo mafundi wameanza kuondoa dari ya zamani. Mama amehamia kwa dada yangu Langoni mpaka wamalize.

Kijana wa Shela, hujaja kunywa chai yako.

Kijana wa Shela:

Ami, Ijumaa baada ya swala, inshallah. Nitakuja na kamba na mikono, tusaidiane boriti.